Munganga Aliyechora Macho Yetu

Siku za kazi hakula kitunguu. Alisema mtu ambaye kazi yake ni kusogeza uso mpaka kope zake zikaribie kugusa kope za mwenzake hana ruhusa ya kula kitunguu, wala samaki wa kuchomwa, wala kuonja pombe ya ndizi hata kikombe kimoja. Asubuhi alitafuna majani ya mlimau njia nzima, kutoka nyumbani kwake mpaka dispansari, na ndiyo maana wengi wetu tulimjua kwa pumzi kabla hatujamjua kwa sura. Chumba chake kilikuwa giza. Dirisha lilizibwa kwa blanketi jeusi, mlango ukafungwa, kisha ukasikia harufu ya mlimau ikikujia usoni na sauti ikikwambia: "Usiangalie taa. Angalia kule mbali kwa ukuta. Usipumue kwa nguvu, weye iko unatikisika."

Kwetu Uvira munganga ni mtu wa hospitali, si mtu wa mizizi na hirizi, kama vile minye kwetu ni mimi na njo ni ndiyo. Huyu alikuwa munganga wa macho, mweusi mwenzetu, na kutoka Uvira mpaka kule juu Bwegera hakukuwa na mwingine aliyejua kazi ile. Jina lake nalijua vizuri sana na sitalitaja. Watoto wake wapo na hawana kosa. Nitamwita munganga, kama tulivyomwita sote miaka ile ya hamsini, na nikikasirika huko mbele mtanivumilia, maana nilikaa chini kuandika nikiwa nimeapa kuwa mpole na tayari naona kiapo kinanishinda.

Chombo chake kiliingia mfukoni. Kilikuwa mpini wenye betri, taa ndogo, na kioo chenye tundu katikati. Taa inapiga kioo, kioo kinarusha mwanga ndani ya jicho lako, naye anachungulia kwenye lile tundu. Hakati, hachomi, hagusi hata kope. Anaona nyuma kabisa ya jicho, pale ambapo mwanga unageuka kuwa kuona, na anapaona pakiwa hai, damu ikipita. Alikipenda chombo kile kuliko mtu. Alikifunga kwa kitambaa, akakilaza kwenye sanduku la mbao, na sanduku hakuna mwingine aliyelibeba. Kuna bibi mmoja huko Lemera aliyekuwa amepofuka ghafla na hakuweza kuteremshwa mlimani. Munganga alipanda mwenyewe, siku nzima kwenye njia za miguu, sanduku kichwani, na vijana wa kubeba mizigo wakimfuata mikono mitupu wakimcheka. Alimwangalia yule bibi, akamwambia ukweli kwamba hapatakuwa na dawa, akalala hapo, akateremka. Hakuna aliyemtuma. Naliandika hili mapema kwa sababu nikilichelewesha sitakuwa na moyo wa kuliandika.

"Mwili muzima wa muntu umefungwa," alituambia tukiwa tumekaa kwenye benchi tukingoja. "Tumbo imefungwa, kichwa imefungwa. Kwa jicho tu njo minye naona mishipa ya damu bila kupasua muntu. Mungu aliacha dirisha moja."

Watu waliyasikia hayo na wakayaelewa kwa namna yao. Ilienea tambarare yote ya Ruzizi kwamba munganga wa macho akichungulia ndani ya jicho anaona yote jicho liliyowahi kuona. Mfugaji mmoja kutoka Mulenge alifika, macho yamejaa usaha, akakataa katakata kuangaliwa mpaka aapiwe kwamba ng'ombe aliowaficha hawataonekana. Na wanawake! Wanawake waliwaleta waume zao. Mwanamke wa Bwegera alimkokota mume wake kutoka kwenye mashamba ya mpunga, akamsukuma kwenye kiti, akasema mbele ya benchi zima, "Munganga, mufungue jicho, unielezee ni muke gani alimuona siku ya soko."

Munganga hakucheka. Alifunga mlango nusu ili sote tusikie, akawasha taa, akachungulia jicho la kulia muda mrefu, akahamia la kushoto.

"Mama," akasema, "mu hili jicho minye naona muke moja tu."

"Nani?"

"Weye. Na umekasirika."

Benchi zima liliangua kicheko. Mume alitoka akiwa na jasho kama aliyeponea mtoni, mke akatoka ameridhika, na mwaka ule munganga aliletewa mchele wa Bwegera mpaka akaanza kuugawa. Mimi pia nilicheka hadi nikashika mbavu. Leo nikikumbuka sicheki. Nilikuwa nimemwona kwa macho yangu mwenyewe akichungulia jicho la mtu na kutamka kitu ambacho hakukiona humo, akapendwa kwa hilo, na akili yangu haikunigutusha hata kidogo.

Alitembea barabarani kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, kichwa chini, akikwepa kuangalia ziwa wakati wa mchana. Alisema maji yenye jua yanamharibia macho ya kazi na kwamba akiyaangalia saa sita atahitaji nusu saa gizani kabla hajaweza kuona mshipa. Watoto walimwigiza, wakatembea wakigonga miti. Kanisani alikaa benchi la mwisho, mbali na madirisha. Mke wake alikuwa mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuita mtu kutoka ng'ambo ya mto Kalimabenge, na alipenda kusema kwamba ameolewa na popo.

Lakini jambo lake kubwa lilikuwa michoro. Kila jicho aliloliangalia alilichora. Kila mgonjwa, kila alipoangaliwa, aliandaliwa fishi yake, karatasi ngumu yenye duara mbili zilizopigwa kwa bikari, na ndani ya duara aliweka alichokiona kwa penseli za rangi. Kitambaa cha nyuma ya jicho alikipaka rangi ya chungwa iliyoiva. Mishipa inayoleta damu aliifanya nyekundu, inayorudisha aliifanya buluu, ikitawanyika kama Ruzizi inavyogawanyika ikikaribia ziwa. Na pale mishipa yote inapotokea palikuwa na kiduara kidogo alichokiita mzizi wa jicho. Mzizi mzima una rangi ya pera likikatwa, si nyekundu, si nyeupe. Hakuwa na penseli ya rangi hiyo. Alilamba ncha ya penseli nyekundu, akapaka kidogo sana, akasugua kwa kidole mpaka rangi ikalainika. Nilimwona akichana fishi nzima kwa sababu mshipa mmoja aliuinamisha kulia na kwenye jicho ulikuwa umeinama kushoto. Mgonjwa alikuwa ameshafika nusu ya njia ya kwao, munganga akatuma mtu ambebe kwa baiskeli amrudishe. "Dokta hana muda ya kuangalia," alisema. "Anaangalia fishi. Kama minye nachora mubaya, dokta anaona mubaya."

Na ni kweli. Dokta mzungu alishuka kutoka Bukavu mara moja kwa mwezi, amevaa kaptura, ana haraka. Alipanga fishi mezani na kupitisha kidole kwenye vile viduara. Rangi ya pera, sindano iendelee. Mzizi umepauka, sindano isimame. Hakuwasha taa hata siku moja mbele yangu.

Sasa nieleze hiyo sindano. Walipita watu wa kupima ugonjwa wa usingizi, yaani malale, wakatupanga mstari, wakatupapasa shingo mmoja mmoja. Mimi nilikutwa na tezi. Wakanichoma mgongoni, wakachukua maji, wakasema ugonjwa umeshaingia kichwani. Nilikuwa mwanamke kijana, mshonaji, nina cherehani ya mkono na wateja mpaka bandarini Kalundu alikokuwa akifanya kazi mume wangu. Dawa ilikuwa sindano kumi na mbili, moja kila wiki. Kila mtu alijua dawa ile inaokoa kichwa na inaweza kula macho. Ndiyo sababu kabla ya kila sindano ilikuwa lazima upite kwanza kwenye chumba cha giza. Mzizi ukianza kupauka ilibidi sindano zisimame siku hiyohiyo na mgonjwa aandikwe kwenda Usumbura, ng'ambo kule Burundi, kulikokuwa na dawa nyingine, mpya, isiyogusa macho.

Wengi waliogopa kusimamishwa. Mtu ambaye hakumaliza sindano hakupewa karatasi ya kusafiri, na bila karatasi huwezi kwenda soko la mbali wala kilioni kwenu. Kwa hiyo walidanganya. Macho yanawachezea, wao wanasema wanaona mpaka Burundi. Munganga aliwakemea. "Usiniambie unaona," alisema. "Minye nitaona mwenyewe." Nilimpenda kwa maneno hayo. Nilijiambia huyu hadanganyiki, na sikujiuliza kama yeye mwenyewe anaweza kudanganya.

Mimi sikuwa mgonjwa tu kwake. Nilikuwa jirani, tulitenganishwa na ua wa mihogo, na kitambaa chake cheusi cha kupimia macho nilikishona mimi. Kilikuwa kikubwa kama shuka mbili, kimetundikwa ukutani, na juu yake nilishona kwa uzi mwembamba duara saba, moja ndani ya nyingine. Mgonjwa alikaa mbele, akakazia macho katikati, na munganga akasogeza ushanga mweupe kwenye kijiti kutoka pembeni kuingia ndani. Ukiuona, unasema. Hivyo alipima upana wa kuona. Nilishona duara zile wiki mbili, akinisimamia, akipima kwa kamba, na alipokuja kukichukua kitambaa aliniangalia usoni na kuniambia maneno ambayo nimeyabeba tangu siku ile.

"Mwanangu, weye ni mushonaji. Macho yako njo mikono yako. Minye nikiona kitu, hata kadogo, weye utajua wa kwanza, mbele ya dokta."

Nilimwamini kama ninavyoamini kwamba kesho kutakucha. Nataka hili lieleweke vizuri kabla sijaendelea. Sikumwamini kwa sababu ni munganga. Nilimwamini kwa sababu alichana fishi ya mgeni kwa ajili ya mshipa mmoja.

Kabla ya kuchungulia alitia matone ya kufungua mboni. Matone yale yalifanya vitu vya karibu vififie siku nyingi, karibu wiki nzima, na kwa kuwa nilitiwa kila wiki, miezi ile mitatu sikuwahi kuwa na macho yangu ya kawaida. Nilimpa mtoto wa jirani sindano anitungie uzi. Nilishona mikunjo kwa vidole. Hapo ndipo nilipojificha mimi mwenyewe bila kujua. Kila kitu kilichopungua nilikihesabu kuwa ni matone.

Baada ya sindano ya nne mwanga ulianza kucheza pembeni, kama jua likipiga juu ya maji. Nilipokaa mbele ya kile kitambaa cheusi nilihesabu duara. Nilizishona mimi, nilijua ni saba. Niliona nne.

"Munganga," nikamwambia, "minye iko naona mwanga inachezacheza huku na huku. Na duara za inje sizioni."

Alikuwa na kijiti mkononi. Akakiweka chini. Kisha akaja karibu, akawasha taa, akaangalia jicho la kulia, akaangalia la kushoto, akarudi tena la kulia.

"Ni matone," akasema. "Itapita. Usiseme kwa muntu wa sindano, atakuletea matata bure."

Nikashukuru. Nilitoka pale nimeshukuru, nikaenda kwenye meza ya sindano, muuguzi akaniuliza kama macho yanacheza, nikamjibu hapana. Nikachomwa ya tano. Nikachomwa ya sita, ya saba, mpaka ya kumi na mbili. Kila wiki nilimuuliza munganga na kila wiki lilikuwa neno lilelile, matone. Nilipomaliza, nilipewa karatasi yangu ya kusafiri na kupongezwa. Nilikaa nyumbani kungoja matone yapite. Nilingoja miezi.

Hayakupita kwa sababu hayakuwa matone. Nimebaki na tundu. Naona mbele yangu kiasi cha upana wa sahani ukiishika kwa mkono ulionyooka, na ndani ya tundu hilo naona vizuri. Uzi natunga mwenyewe hadi leo. Nje yake hakuna kitu. Si giza, watu wanafikiri ni giza. Hakuna tu. Nikikuangalia mdomo sina macho yako. Nikivuka barabara naligundua gari kwa masikio. Nimemwagia watoto wangu uji wa moto kwa sababu walikuja kutoka pembeni. Cherehani niliiacha, maana nguo ni kitu kipana, ukishona bega lazima uone pindo linaelekea wapi, na mimi nilianza kuwarudishia watu magauni yenye upande mmoja mrefu. Wateja wa Kalundu waliondoka mmoja mmoja, kwa adabu, kila mmoja na sababu yake.

Hata hapo sikumlaumu. Nilisema bahati yangu ilikuwa mbaya, dawa imekula macho kimyakimya na hata yeye hakuona. Nilimpelekea muhogo. Alikuja kunisalimu kila Jumapili baada ya misa, akakaa, akaulizia watoto, akakaza misumari ya ua wangu bila kuombwa. Alikuwa mtu wa namna hiyo, wa kutengeneza kitu cha mtu bila kelele.

Nilijulishwa na nani? Na mke wake, maskini, ambaye hakujua anasema nini. Alikuja nimpime gauni, gauni la mwisho kabisa nililokubali kushona, kwa kuwa alibembeleza. Alikuwa amenenepa zaidi. Nilimzungushia kamba kiunoni na kumwambia anaonekana mzima, kwamba sindano hazikumdhuru. Maana naye alikutwa na tezi siku ileile, tulipangwa mstari mmoja, na aliposafiri siku zile nilidhani amekwenda kuona ndugu zake.

"Sindano gani?" akasema. "Minye nilipigwa ine tu. Kisha balinituma Usumbura kwa dawa mupya."

"Macho yako yalikuwa yanacheza?"

"Macho yangu? Haikuchezaka hata siku moja! Minye nilikuwa naona mpaka punje ya mchele kwa majani. Ni bwana yangu alisema mzizi umepauka, njo akachora, dokta akasaini. Nafasi ilikuwa moja tu, weye unajua? Moja kwa Uvira yote. Nilipata neema."

Kamba ilinianguka. Nilijifanya natafuta kamba chini, na kwa kuwa kutafuta kitu chini kwangu ni kazi ndefu, nilipata muda wa kupumua. Nilimuuliza ilikuwa lini. Akasema ilikuwa wiki ambayo paa la kanisa liliezuliwa na upepo. Nilikumbuka upepo ule. Nilikuwa kwenye benchi la dispansari, nangoja kuangaliwa baada ya sindano yangu ya nne.

Gauni nilimaliza. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu mikono ilikuwa imeshaanza. Jumapili ile alipokuja baada ya misa nilimwambia kutoka ndani kwamba naumwa kichwa, na Jumapili iliyofuata vilevile, mpaka akaelewa akaacha kuja. Mume wangu alitaka kwenda kumpiga. Nilimzuia. Nilitaka aje mwenyewe.

Alikuja, lakini si kwa nilichokitaka. Ilikuwa karibu mwisho wa miaka ile, alasiri, niko barazani napindia leso kwa mkono, kazi ndogo inayotosha kwenye tundu langu. Nilisikia kikohozi chake. Nilimwona vipande vipande: ukingo wa kofia, kola iliyoisha, kidevu chenye mvi. Alikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. Aliulizia watoto. Nikajibu. Aliulizia mume wangu. Nikajibu. Halafu akasema.

"Kesho dokta mupya atakuita. Bukavu balisikia kama batu ya sindano bamebaki bila macho. Atauliza kama ulisema macho inacheza."

"Nilisema."

"Ulisema kwa minye tu. Kwa meza ya sindano ulisema hapana."

"Weye njo uliniambia niseme hapana."

Akasogeza kigoda karibu, akaniambia kwa ile sauti yake ya chumba cha giza, laini, ya kukutuliza. "Mwanangu, sema ulificha. Batu bengi balificha, haiko haya. Weye hawatakufanya kitu. Minye batanifukuza. Na nikifukuzwa, nani ataangalia macho ya batu hapa? Sanduku itakaa na vumbi."

Nilichoma sindano kwenye leso nikaiacha hapo. Nilikuwa nimejiandalia maneno miaka mingi, maneno makali, yamepangwa. Yote yalinitoka, likabaki swali moja.

"Uliona sindano ya ngapi?"

"Ya ine," akasema. "Ilikuwa imeanza kupauka kwa juu. Kadogo."

"Ya ine. Na ulichora?"

"Rangi ya pera."

"Na ya Mama Munganga?"

Alivua kofia. Nilimwona paji la uso, kisha nikashuka mpaka macho, moja baada ya lingine, na yalikuwa mekundu. "Yake ilikuwa muzima," akasema. "Nilichora nyeupe. Nafasi ilikuwa moja, mama. Nikichora yako nyeupe, banasimamisha sindano, na nafasi haiko. Ugonjwa ungekuua. Nilisema afazali upoteze macho kidogo, ubaki na uzima. Niliomba Mungu isimame hapo kwa ine."

"Dada ya mume wangu anakaa Usumbura," nikamwambia. "Ningevuka kwa miguu. Ningelala kwa mlango wa hospitali yao mpaka banitoe ao banitibu. Ningekwenda minye mwenyewe. Ulichokosa kufanya ni kuniambia. Neno moja."

"Nilijua utakwenda," akasema. "Njo maana. Ungekwenda, wangeuliza kwa nini, wangeangalia na macho ya mke wangu."

Hapo nililia. Nililia kwa sauti, mbele yake, kwa sababu mpaka dakika ile kulikuwa na sehemu yangu iliyokuwa bado inamtafutia udhuru. Alingoja nimalize. Alikuwa na subira ya wagonjwa. Kisha akauliza tena, taratibu, kama kesho ningesema nilificha. Nikamwambia aondoke kwenye baraza yangu.

Asubuhi niliitwa. Ofisi ya dispansari ilikuwa imepakwa chokaa upya na kuinuliwa juu kwa sababu ya mafuriko. Dokta mpya alikuwa kijana, mpole, anajua Kiswahili cha kutosha kumsikiliza mtu mpaka mwisho. Nilimweleza yote tangu mwanzo: duara nne kati ya saba, matone, Usumbura, nafasi moja. Alisikiliza kweli. Hakunikatiza. Nilifikiri sasa imekwisha. Akamwita munganga, naye akaja akasimama karibu na meza, nje ya tundu langu. Nilimsikia tu.

"Huyu mama alikuambia macho yanacheza?"

"Hapana, Dokta. Hakuniambiaka kitu."

"Na wewe uliona kitu?"

"Hapana, Dokta. Fishi iko pale."

Dokta akazitoa fishi zangu. Akazipanga mezani kwa tarehe, kumi na mbili, akaniita nisogee nione. Akaniambia kwa upole kwamba Ulaya kuna mashine za kupiga picha nyuma ya jicho, na hata hizo mashine hajaona zikitoa kazi safi namna hii. Alionyesha mshipa uliopinda, mdogo kuliko unywele. Alisema mtu anayechora mshipa kama huo hawezi kukosa kuona mzizi uliopauka. Hakuwa ananidharau. Aliamini kile alichokiona, na alichokiona kilikuwa kimetengenezwa vizuri sana. Kisha akafungua daftari akaandika, akinisomea polepole ili niridhike, kwamba mgonjwa alificha dalili zake kwa kuogopa kusimamishwa sindano.

Niligeuka kutoka. Kwenye baraza ya ofisi jua lilinipiga nikasimama, maana sikukumbuka ngazi ziko upande gani, na zilikuwa mpya, hazina ukingo wa kushika. Watu walikuwa wamekaa chini wakiniangalia. Nilinyoosha mguu nikapapasa hewa.

"Ngazi ine, mama," ikasema sauti kando yangu. "Huku kushoto. Nipe mkono."

Hakuna mwingine pale aliyejua nisichokiona kinaanzia wapi. Niliweka mkono wangu kwenye mkono wake, nikateremka pamoja naye mbele ya watu wote, moja, mbili, tatu, nne, na nilipokanyaga udongo nikauachia.